Kufuata na Kufuatilia

Kosa langu lina silabi mbili tu, na ubaya wake ni kwamba sikuzitamka. Niliziacha kwa makusudi, nikidhani nawasaidia watu.

Miaka ile nilikuwa mkalimani wa ujumbe wa mataifa wa kulinda amani hapa Bukavu, wakati ujumbe ungali na ofisi yake mjini na kambi zake milimani na kando ya ziwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mkubwa wa kigeni na wanakijiji. Nilichukua Kifaransa chake nikakigeuza Kiswahili, kisha nikachukua Kiswahili chao nikakirudisha kwake kwa Kifaransa. Watu waliniita maman interprète. Nilikuwa na badji shingoni, kitambulisho chenye picha yangu, na tusidanganyane, nilijisikia. Nilikuwa nakwenda soko la Nyawera na ile badji nje ya koti, hata siku ya kununua vitunguu.

Sikujisikia kwa ajili ya badji peke yake. Niliamini. Niliamini kwamba mataifa yote yakikaa kwenye meza moja na kuandika karatasi moja, karatasi hiyo itakuwa na uzito kuliko bunduki. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na ana ulimi mkali, alikuwa akiniuliza nani ataibeba hiyo karatasi mpaka mlimani. Nilimnunia siku mbili.

Alasiri, nikiwa ofisini, nilikuwa natafsiri matangazo ya wakubwa wa mbali ili yasomwe kwenye redio. Vitenzi vyao nilivijua kama mama anavyojua sufuria zake. Kwanza walikuwa na wasiwasi. Mambo yakichafuka, walikuwa na wasiwasi mkubwa. Watu wakifa, walilaani, na wakifa wengi, walilaani vikali. Baada ya hapo hapakuwa na kitenzi kingine. Wiki iliyofuata walirudi chini kabisa, wakaanza tena na wasiwasi. Muuza nyanya mmoja wa Nyawera alinibatiza Maman Tuko-na-Wasiwasi, na kila akiniona aliita kwa sauti: "Maman Tuko-na-Wasiwasi! Leo unanunua tomate, ao unazilaani tu?" Soko zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, lakini usoni tu.

Sasa nikieleze kijiji chenyewe. Kiko juu ya mteremko, kando ya ziwa, kinatazama kisiwa cha Idjwi. Ujumbe ulikuwa umeunda pale kamati ya kutoa taarifa: kukiwa na hatari, kamati inapiga simu kambini. Kamati iliongozwa na mama mmoja mjane, mkulima wa viazi vitamu, mfupi, mwenye amri kuliko koloneli. Wote walimwita Maman Présidente, na mimi pia. Simu aliyopewa na ujumbe aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni uliotoka na sukari, akaufunga mafundo mawili, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye.

Katika mkutano wa kwanza mkubwa wetu, mtu mpole mwenye uso wa uchovu, aliwaambia: "Nous suivons la situation de très près." Ilikuwa zamu yangu. Kiswahili cha vitabu kina neno la hapo: kufuatilia, yaani wanaifuatilia hali kwa karibu sana. Nalijua, nimelisoma. Lakini nani huku kwetu anasema kufuatilia? Ukilitamka kijijini watu wanakutazama kama unayewasomea gazeti la Dar es Salaam. Nikataka kuwarahisishia. Nikasema: "Banasema hivi: tunawafwata. Tunawafwata karibu sana."

Na huku kwetu kumfwata mtu ni kuinuka ulipo na kwenda alipo. Mtoto akitoka shuleni, kuna mtu wa kumfwata. Mgonjwa akiachwa hospitalini anaambiwa, "Tulia, kesho tutakufwata." Ni neno la kuchukua mtu na kumrudisha nyumbani. Nililisema vile, na mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwani alisikia sauti yangu ni tamu.

Mwanzoni neno halikumdhuru mtu, kwa sababu kambi ilikuwa karibu. Siku moja Maman Présidente alifungua mafundo yake mawili akapiga simu kwamba watu wenye silaha wameonekana njia ya malishoni. Kabla ya saa moja kupita, magari ya ujumbe yalikuwa yamepanda ule mteremko. Wenye silaha wakatoweka. "Munaona?" aliwaambia wenzake. "Balisema batatufwata, na balitufwata." Tangu siku ile neno langu lilikuwa kweli kama Injili.

Kisha ujumbe ukafungwa kwa upande wetu. Sababu ziliandikwa katika barua ndefu, na nilizitafsiri zote bila kuelewa hata moja. Tukazunguka vijiji kuaga. Pale kwenye uwanja wa kanisa kulikuwa na hotuba, na kamati ilipewa cheti kilichofunikwa kwa plastiki. Mkubwa akasimama kwa mara ya mwisho. Nakumbuka maneno yake kama jina langu: hata wakiwa mbali, wataendelea kufuatilia. Mdomo wangu ulikuwa umeshazoea njia yake. Nikasema: "Hata tukiwa mbali, tutaendelea kuwafwata."

Walipiga makofi. Si makofi ya adabu yale ya sherehe. Akina mama walipiga vigelegele, na mukatekista, mwalimu wa dini, mzee mwembamba mwenye funguo za kanisa, alivua kofia yake. Hapo ndipo nilipoelewa walichosikia. Walisikia kwamba hata kutoka mbali, tutakuja kuwachukua.

Nilikuwa na nafasi ya kurekebisha. Mkubwa alikuwa bado amesimama, mimi bado nimekaa, sentensi moja ingetosha. Lakini sherehe ilikuwa inakwenda vizuri, na mkubwa alikuwa na machozi, na ni nani atakayesimama kuzima vigelegele vya watu? Nilinyamaza. Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakusema lolote juu ya mtu aliyejikwaa ulimi, akaona alipojikwaa, akapita zake.

Nilirudi kufundisha Kifaransa katika shule ya sekondari. Vita vikasogea. Sitaeleza jinsi vilivyofika mjini kwetu; kila mtu wa Bukavu ana habari yake ya siku zile, na yangu si kubwa kuliko ya wengine. Tulikaa ndani, tukatoka, tukakuta benki imefungwa na bendera imebadilika. Tulijifunza kupunguza sauti hata tukisalimiana. Tangu hapo nina tabia ya kuhesabu viatu mlangoni kila jioni, kuona kama watu wote wa nyumba wamerudi, na nikimaliza naanza tena.

Siku hizo ndipo Maman Présidente alipoanza kunipigia. Numero ya kambi ilikuwa imekufa, lakini yangu alikuwa nayo. Kwake mimi na ujumbe tulikuwa kitu kimoja, kwa sababu sauti aliyoisikia ilikuwa yangu.

"Maman interprète, tulisha funga bintu. Batu ya bunduki bako kilima ya pili. Batatufwata siku gani?"

Nilimwambia asingoje, ashuke ziwani, avuke aende Idjwi alikoolewa binti yake.

"Tutaenda namna gani na bale ba ujumbe bako njiani? Bakikuya bakute hatuko? Itakuwa haya, maman. Mugeni asikute mulango imefungwa."

Na mimi, mwanamke niliyesoma, mwenye diploma mbili, nilijibu nini? Nilisema: "Wamechelewa, Maman."

"Ah. Basi tutangoya," akasema. "Unanifwata?" Hivyo ndivyo alivyozoea kuuliza kwenye simu, maana yake kama unanisikia. Nilisema ndiyo, nakufwata, na simu ikakatika.

Nilijichukia. Alinipigia mara tatu wiki ile, na mara tatu niliwatetea watu wasiokuwapo. Nilisema njia mbaya, nilisema wanaongea na wakubwa wao. Kumwambia mtu kwamba hakuna anayekuja ni jambo gumu. Kumwambia kwamba hakuna aliyewahi kusema atakuja, na kwamba ni wewe uliyesema, hilo lilinishinda kabisa. Mara ya nne nilimpigia mimi, na simu yake haikupatikana. Nilijaribu mpaka sikio likawa moto.

Nilipomwambia mume wangu nitakwenda, aliweka kikombe chini.

"Utaenda kufanya nini? Wewe ni ujumbe?"

"Nitaenda kusema neno moja."

"Neno moja linasemwa kwa simu."

"Simu imekufa."

Alinitazama sana. Kisha akasema, bila ukali safari hii, kwamba ahadi ni deni, lakini deni lile si langu. Nikamwambia saini ni ya mataifa ila sauti ni yangu. Aliingia ndani akaniletea sweta yake, kwa sababu ziwani asubuhi kuna baridi.

Mwenye boti ya injini hakutaka kusimama pale. Alikuwa anapeleka mizigo Idjwi na alitaka kupita moja kwa moja katikati ya ziwa, mbali na ufuko. Nilimsihi mpaka akakubali. "Nitakungoya wakati wa misa moja," alisema. "Na iwe misa ya siku ya kazi. Si ya Dimanche, yenye nyimbo." Sijui kuogelea. Njia nzima nilishika ubao kwa mikono miwili, nikirudia kimoyomoyo sentensi niliyotaka kuisema, na kila niliporudia ilizidi kuwa fupi na mbaya.

Niliupanda mteremko nikihema. Waliniona kabla sijawaona. Walikuwa wote kwenye uwanja wa kanisa, familia nzima nzima, wameketi juu ya mizigo yao. Na mlangoni pa kanisa, kwenye msumari, walikuwa wametundika cheti cha ujumbe ili wageni wasipotee. Vigelegele vilianza upande wa akina mama. Maman Présidente alisimama, mfuko wa nailoni mkononi, simu imezimika ndani yake.

"Nilibaambia nini?" aliwageukia wenzake. "Balisema batatufwata. Si huyu ndio wa kwanza?"

"Na makamyo?" mukatekista akauliza, akitafuta malori nyuma yangu.

"Inakuya nyuma," mtu akajibu, si mimi.

Akina mama wawili walianza kufungua mizigo. Walitoa sufuria. Mmoja akaanza kumenya viazi. Wageni wanakuja, watakuwa wamechoka na safari, na haifai kuwapokea mikono mitupu. Nilikuwa nimepita ziwani kuja kuwaondoa, na kwa kufika kwangu nilikuwa nimewakalisha.

Huko chini injini ilikuwa inanguruma. Nilisema kwa sauti ambayo sikuijua.

"Musipike. Hakuna makamyo. Hakuna mutu nyuma yangu."

Kisu cha viazi kilisimama.

"Siku ile yule mukubwa hakusema watakuja. Alisema watakuwa wanaangalia, kwa mbali, wakijua habari zenu. Mimi ndio nilisema watawafwata. Nilikosea. Na siku ya kuaga nilijua nimekosea, na nikanyamaza. Munisamehe, lakini munisamehe ndani ya boti. Twende."

Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana. Mukatekista alikuja karibu, akanitazama usoni kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

"Balikutuma utupime," alisema.

"Hapana, Papa. Nakuapia."

"Maman, sikiliza. Mutu moya anaweza kudanganya. Mataifa mbili zinaweza. Lakini mataifa yote pamoya, zimekaa, zimeandika, zimetia saini? Hapana. Haiwezekani."

Imani ile ilikuwa yangu mwenyewe. Ningeweza kumwambia kwamba hawakudanganya, kwamba kila walichokiandika walikitimiza neno kwa neno, na hilo ndilo baya zaidi. Lakini hayo hayaelezwi wakati boti inangoja kwa kipimo cha misa fupi.

Ni Maman Présidente aliyeamua. Alikitoa cheti kwenye msumari, akakitazama, akakirudisha palepale. Aliinua mzigo wake, akauweka kichwani, na kuanza kushuka. Wanawake wakamtazama, kisha wakafunga sufuria na viazi vilivyomenywa nusu, wakamfuata. Waume wao wakafuata baadaye, wakijifanya wanakwenda kuangalia boti tu. Familia nne zilibaki na mukatekista. Nilimshika mkono, nikamvuta, na mimi si mtu wa kushika wazee mikono. Aliutoa mkono wake taratibu. Aliniandikia numero yake nyuma ya bahasha ya sadaka.

"Ukifika, ubapigie," alisema. "Ubaambie tuko hapa."

Boti ilikuwa imejaa hadi maji yakachungulia ndani. Maman Présidente alikaa mbele yangu, amenipa mgongo, mpaka ufuko ulipokuwa mbali. Kisha akageuka.

"Ile neno yenyewe, ya kweli. Ni gani?"

"Kufuatilia."

Alilijaribu mdomoni. "Ku-fua-ti-li-a. Iko murefu." Akafikiri. "Na maana yake?"

"Ni kumutazama mutu ukiwa mbali, na kuandika yanayomupata."

Mtoto wa mtu alikuwa analia, na mwenye boti alikuwa akitupigia kelele tusisogee. Mwishowe Maman Présidente alisema, bila kunitazama: "Afazali uliikosea. Kama ungesema ile ya kweli, hata wewe haungekuya."

Kuna siku maneno hayo yananituliza. Siku nyingine nayageuza na kuona upande wake wa pili: kama ningesema ile ya kweli, wasingemngoja mtu, wangevuka mapema wote, na mukatekista na familia nne wangekuwa pamoja nao. Ndipo nainuka kuhesabu viatu.

Vita vilikifikia kijiji kile wiki hiyohiyo. Waliofika Idjwi wanalima mashamba ya watu na wanaishi. Habari za waliobaki zinakuja vipande vipande, na hakuna vipande viwili vinavyoungana. Wengine wanasema walikimbilia milimani, wengine wanasema hawakukimbia. Niliandika barua kwa anwani ya zamani ya ujumbe, huko walikohamia, nikataja kanisa, idadi ya familia, funguo, kila kitu. Walinijibu, na sisemi hawakunijibu. Walinishukuru kwa taarifa, wakasema wana wasiwasi mkubwa, na kwamba wanalifuatilia jambo hilo kwa karibu. Kifaransa chao kilikuwa kizuri. Nilijikuta nakitafsiri kichwani, kwa mazoea, na safari hii sikuacha silabi.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni nampigia mukatekista. Nasikia ileile sauti ya mwanamke wa mashine kwamba numero haipatikani. Nina daftari, naandika tarehe na saa, na mbele yake naandika kwamba sijampata. Mume wangu aliliona siku moja, akalifunga polepole, hakunitania.

Maman Présidente ananipigia kutoka Idjwi kila Dimanche baada ya misa. Ananihesabia nani anaumwa na nani amezaa, kisha anashusha sauti.

"Na mukatekista? Unamufwata?"

Safari ya kwanza nilitaka kusema ndiyo, ulimi ulikuwa tayari. Sasa namjibu kwa silabi zote, pole pole, ili asikie vizuri.

"Hapana, Maman. Ninamfuatilia."